Aliyesoma Mpaka Ukurasa wa Mwisho

Mpwa wake ndiye aliyenipigia simu, Jumamosi asubuhi, nikiwa nimetoa sombe, kisamvu cha kwetu, kwenye friza ili iyeyuke. Alijitambulisha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikumwelewa. Akasema shangazi yake Noreen amefariki, kwamba amekuta jina langu kwenye orodha fupi ya watu ambao marehemu alitaka waitwe, na kwamba hakutakuwa na ibada ya kanisani ila mkutano wa kumkumbuka katika ukumbi mmoja kule Pickering, mji wa jirani, kwa chai na keki. "Samahani kwa kuuliza," akasema, "wengine wote kwenye orodha ameandika kazi zao. Mhariri, mpiga picha, mbunge wa zamani. Kwako ameandika tu: Nabintu, ghorofa ya kumi na mbili. Nilidhani pengine mlikuwa majirani." Nikacheka, kisha nikalia, na sombe ikaendelea kuchuruzika maji kwenye sinki. Hatukuwa majirani. Noreen alikuwa mwandishi wa habari wa bunge la jimbo, na mimi nilikuwa mfagiaji wa chumba chake. Hiyo ghorofa ya kumi na mbili nitaieleza mahali pake.

Sitaanza na wazazi. Walitangulia kabla hatujapanda ndege, na hilo litoshe. Nimelisimulia mara nyingi mno mbele ya watu wenye fomu. Nitaanza na mwaka niliotimiza miaka kumi na tisa, Mugisho mdogo wangu akiwa na kumi na nne, na Ansima kitinda mimba akiwa na minane. Tulikaa Rexdale, mtaa wa pembezoni mwa mji, chumba kimoja cha kulala na sebule, katika jengo refu ambalo lifti yake ilikuwa na tabia ya kupumzika bila kuaga. Watu wa ustawi wa jamii walikuwa wamekubali wadogo zangu wakae nami, mimi nikiwa mlezi wao, na mara moja kwa mwezi afisa wao alikuja kufungua friji yetu na kutazama vitanda. Majira ya baridi ya mwaka ule niliacha shule. Nilikuwa darasa la kumi na moja. Mwalimu wa hesabu alinifuata hadi kituo cha basi bila koti, akaniambia nitajuta. Nikamjibu kwamba pengine ni kweli, lakini basi la kwenda kazini lilikuwa linakuja, nami nikalipanda. Nasema haya bila haya. Kuna watu wanaoeleza kuacha shule kama vile wanavyoeleza ajali. Mimi sikuanguka, nilishuka kwa miguu yangu ili wengine wawili wapande.

Jiko letu lilikuwa ndicho chumba chetu hasa. Meza ilikuwa ya plastiki nyeupe, ya kuwekwa bustanini, tuliyoiokota chini karibu na mapipa, na mguu wake mmoja tuliufunga kwa utepe wa kijivu. Kwenye dirisha zilipita ndege zinazotua, chini sana, na Ansima alizihesabu akila. Nilipika ugali jioni, na maharage au samaki wa barafu, na sombe Jumapili tu. Wadogo zangu waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, na Mugisho alikuwa na mdomo. "Yaya," aliniambia siku moja, akichungulia sufuria, "haya maharage nilishayaona mahali." "Wapi?" "Jana." Ansima akacheka mpaka akapaliwa, nami nikamgonga mgongo huku nikijizuia kucheka, kwa kuwa mlezi hatakiwi kucheka kila kitu. Naikumbuka jioni hiyo kuliko sikukuu zote, kwa sababu ndiyo ya mwisho kabla sijajua tulichokuwa tunaweza kupoteza.

Kazi niliipata kupitia mwanamke wa Kenya, Mama Wanjiru, aliyekuwa msimamizi wa zamu ya mchana katika kampuni ya usafi. Alinipeleka kwenye jengo la bunge la jimbo, katikati ya mji, jengo kubwa la mawe mekundu yaliyopauka, ambalo Ansima alipoliona aliliita nyumba ya pinki na sisi sote tukalibatiza hivyo. Siku ya kwanza alinitembeza na ndoo, akinionyesha wapi pa kupita na wapi pa kungoja mpaka waheshimiwa watoke. Tulipofika kwenye vyumba vya waandishi wa habari akasimama mlangoni na kunishika mkono. "Sikiza vizuri. Hapo ndani usiokote karatasi, hata ikiwa imelala chini kama mlevi. Iko kwa pipa, toa. Haiko kwa pipa, ruka." Nikadhani anatania. Nilipoingia nikaona. Kulikuwa na meza zimebanana, simu zikilia tatu kwa wakati mmoja, wanaume na wanawake wakigombana kwa sauti za watu wanaopendana, harufu ya kahawa iliyoungua, na karatasi kila mahali, hadi kwenye kingo za madirisha. Aliyenipigia simu hakuweza kujua haya: chumba kile siku hizo kilikuwa kimejaa kiasi kwamba kupitisha mopu ilibidi uombe watu wanyanyue miguu.

Noreen alikuwa na meza ya pembeni, karibu na bomba la joto. Mfupi, nywele za mvi amezikata mwenyewe kwa mkasi, miwani imefungwa kwa kamba. Gazeti lake lilikuwa dogo kuliko ya wenzake. Karatasi zake zilikaa sakafuni katika marundo mawili: la kushoto alizokwisha kuzisoma, la kulia alizokuwa hajazimaliza. Kila mswada uliopelekwa bungeni aliusoma wote, hata vile viambatisho vya nyuma ambavyo wenzake waliwaachia mawakili. Walimtania. "Noreen, imefika ukurasa wa ngapi hadithi yako? Shujaa kashaoa?" Naye hujibu bila kuinua kichwa, "Bado. Ndiyo kwanza ameibadilisha sheria ya maji." Wiki ya tatu aliniuliza jina langu, akaliandika kwenye daftari, akaniuliza kama ameliandika sawa. Hakuna mtu katika nchi hii aliyekuwa ameniuliza hivyo. Wote walikuwa wanatamka wanavyotaka nami naitika. Baada ya hapo saa ya chakula tukawa tunakaa pamoja. Yeye alikuwa na yai la kuchemsha na mkate wenye jibini, kila siku ya Mungu. Nikampa maharage yangu. Akala, akasema, "Kesho nikuletee mayai mawili, tubadilishane."

Mwezi wa nne afisa ustawi alikuja, akafungua friji, akatazama vitanda, halafu hakuondoka. Alikaa kwenye ile meza ya plastiki na kuvua glavu zake polepole. Hakuwa mwanamke mbaya. Alinieleza kwamba jimbo linatengeneza sheria mpya ya watoto, kwamba ikipita, jamaa anayelea watoto wasio na wazazi atatakiwa awe ametimiza miaka ishirini na tano, na kwamba wale wasiofikia umri huo, watoto wanaowalea watahamishwa kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa tisa. Nikauliza watahamishiwa wapi. Akasema kwa familia za kulea. Nikauliza kama ni familia moja. Akazikunja glavu, akazikunjua. "Ni vigumu kupata nyumba inayopokea mvulana wa umri ule na msichana mdogo kwa pamoja," akasema. "Tutajaribu wasiwe mbali sana." Mugisho alikuwa amesimama koridoni, akisikia yote. Ansima alikuwa sebuleni na kitabu, nikadhani hasikii. Jioni ile, nilipomfunika blanketi, akaniuliza, "Yaya, mwezi wa tisa nitalala wapi?" Nikamwambia, "Hapahapa." Alirudia swali hilo kila jioni kwa zaidi ya miezi miwili, na kila jioni nilimjibu vilevile, na kila jioni nilihisi kama ninamdanganya mtoto wa watu.

Sasa nieleze kosa letu, kwa maana naona watu wetu bado wanalifanya. Sisi tuliotoka kwenye kambi za wakimbizi tunaijua serikali moja tu ya nchi hii, nayo ni ile ya mji mkuu, Ottawa. Ottawa ndiyo iliyotuita kwa mahojiano, Ottawa ndiyo iliyotupima vifua, Ottawa ndiyo iliyotoa barua ya kusafiri ambayo mtu aliishona ndani ya nguo isipotee. Kwa hiyo niliposikia neno sheria, nikakimbilia Ottawa. Niliandika barua. Mugisho alizisahihisha Kiingereza, mimi nikazinakili kwa mkono safi. Tuliandika saba. Kanisani, pale ukumbi wa chini tuliokodishiwa Jumapili alasiri, Papa Byamungu, mzee wa kanisa, aliwasimamisha watu wote waombee viongozi wa Ottawa walainike mioyo. Tukafunga siku tatu. Ottawa wakajibu barua moja, ya adabu sana, ikisema jambo hili haliko mikononi mwao. Tukaielewa kama watu wetu wanavyoelewa barua ya serikali: kwamba tumekataliwa.

Niliisoma barua hiyo saa ya chakula, katika chumba cha waandishi, nikiwa nimeiegemeza kwenye kopo la maharage. Noreen akauliza nimeandikiwa na nani. Nikamwambia. Nikamweleza na mengine yote, kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza changu cha vipande, na yai lake likabaki mkononi bila kumenywa.

"Sheria gani hiyo?" akauliza.

"Ya watoto. Afisa amesema."

"Umri wa mlezi? Kwenye mswada wa watoto hakuna kitu kama hicho." Akatazama rundo la kulia, lile ambalo hajalimaliza. Akapiga magoti sakafuni, mwanamke wa miaka hamsini hivi, akavuta kitabu kinene cha mswada ule kutoka chini kabisa, akakigeuza na kuanza kufunua toka nyuma. Ilimchukua muda. Wenzake walikuwa wanacheka jambo fulani upande wa pili. "Hapa," akasema. Akaniwekea kidole. Kiambatisho cha mwisho, ukurasa wa mwisho kabla ya jalada. Mistari miwili. Nilikuwa nimeutarajia ukurasa mzima, hasira, sababu, kitu kinachofanana na ukubwa wa jambo lenyewe. Ilikuwa mistari miwili, na wa pili haukufika hata nusu.

"Nilikuwa sijafika huku," Noreen akasema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Nilikuwa nimefika katikati." Halafu akanitazama juu ya miwani. "Mpendwa, Ottawa hawana habari na hili. Ustawi wa watoto ni wa jimbo. Hospitali ni za jimbo, shule ni za jimbo. Kamati inayousoma mswada huu inakaa hapa, ghorofa ya chini yetu, chumba chenye mlango wa kijani."

Nikaujua mlango huo. Nilikuwa natoa taka za chumba kile kila Jumanne na kila Alhamisi. Wiki saba nilikuwa nimeandika barua za kwenda mbali, na watu walioshika maisha ya wadogo zangu walikuwa wakitupa vikombe vyao kwenye pipa langu. Nimezeeka sasa, nimekutana na wasomi wengi, na bado naona kwamba hicho ndicho kitu cha kwanza nilichofundishwa kuhusu utawala. Watu wanatazama serikali iliyo juu kabisa kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye televisheni, na wanaijua ile ya mji kwa sababu inabeba takataka. Ile ya katikati, yenye kushika mtoto wako, mgonjwa wako na mwalimu wako, haina anayeitazama, isipokuwa mtu fulani amekaa pale kila siku akisoma.

Noreen hakukimbilia kuandika. Hilo nalo lilinishangaza. Alisema ana karatasi, lakini karatasi haitoshi; lazima amuulize waziri mwenye mswada ule, na lazima msomaji amjue mtu mmoja ambaye mistari ile inamhusu. Akaniuliza kama nitakubali awe mimi. Akasema nisijibu leo. Nikaenda nalo kanisani, na baada ya ibada Papa Byamungu akanivuta kando, karibu na sahani za sambusa. "Mwanangu, kule kwetu aliyesema na watu wa redio hakulala kwake. Unaijua hiyo. Kaa kimya, tuombe." Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na sababu, alikuwa amemzika kaka yake kwa jambo hilohilo. Mugisho ndiye aliyejibu, sahani mkononi, kwa heshima lakini bila kuinamisha macho: "Papa, huku hatutalala kwetu tukinyamaza pia." Yule mzee akaweka sambusa yake chini. Akasema, "Huyu mtoto ana mdomo." Kisha akaniwekea mkono kichwani, akaniombea palepale, na safari hii hakuitaja Ottawa.

Nikamwambia Noreen nakubali kwa masharti: bila picha za watoto, bila jina la ukoo, bila jina la jengo letu. Akayaandika yote, akanisomea. Akaniambia pia jambo ambalo sikuwahi kulisikia, kwamba mkazi yeyote anaweza kuomba kusema mbele ya kamati, hata asiye raia bado, na kwamba siku ya mwisho ya kujiandikisha ni kesho. Mama Wanjiru nilipomwomba ruhusa ya saa moja akaweka ndoo chini. "Kuongea? Kwa hiyo kamati? Na hiyo eproni?" Akanifungua mkanda wa eproni mwenyewe, akanipangusa bega kama mama wa bibi harusi. "Enda. Kama kampuni itauliza, nitasema uko choo. Kama watauliza tena, nitasema una tumbo mbaya sana."

Niliingia kwa ule mlango wa kijani nikiwa sijabeba kitu mkononi, na mikono yangu haikujua iende wapi. Waheshimiwa walikuwa tisa, wawili wakisoma mambo yao mengine. Viti vya watu wa kawaida vilikuwa safu nne, vyote vitupu. Kwenye meza ya waandishi alikuwa Noreen peke yake na kinasa sauti chake, maana siku hiyo wengine wote walikuwa kwenye habari ya barabara kuu mpya. Nimefikiria mara nyingi kuhusu chumba kile bila yeye. Ningesema maneno yaleyale, yangeandikwa kwenye kumbukumbu za bunge, na yangekaa humo mpaka leo yakiwa sahihi kabisa.

Nilikuwa na karatasi aliyoisahihisha Mugisho. Niliisoma nusu, nikaiweka chini kwa sababu herufi zilikuwa zinatembea. Mheshimiwa mmoja, mwanamume mwenye sauti ya upole, akaniuliza, "Huoni kwamba mtu wa miaka kumi na tisa naye bado ni mtoto?" Nikasema, "Naona. Lakini mtoto huyo ndiye anayejua kwamba Ansima halali bila taa ya korido kuwaka. Mtu wa miaka ishirini na tano hajui hilo kwa sababu tu ana miaka ishirini na tano." Akaniuliza nimesoma mpaka darasa la ngapi. Sidhani alikusudia ubaya. Nikasikia masikio yangu yakiwaka, halafu moto ule ukashuka, na nikanyoosha mgongo. "La kumi na moja. Mimi niliacha ili wao wasiache." Wale wawili waliokuwa wakisoma mambo yao wakainua vichwa.

Siku iliyofuata, baada ya kikao cha maswali, waziri alitoka koridoni kama kawaida, na waandishi wakamzunguka kwa kamera na taa. Mimi nilikuwa nyuma na mopu, mahali ninapostahili kuwa saa ile, nikisugua kipande kilekile cha sakafu. Wakamuuliza barabara, barabara, barabara. Noreen hakuonekana kwa ufupi wake. Sauti ndiyo iliyosikika, kavu, kutoka chini ya mikono ya watu: "Waziri, Ansima atalala wapi mwezi wa tisa?"

"Samahani, nani?"

"Ansima. Ana miaka minane. Mswada wako wa watoto, kiambatisho cha mwisho, ukurasa wa mwisho kabla ya jalada."

Waziri akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama karatasi zake. Wakati huo mdogo, labda sekunde nne, nikaelewa kila kitu: hawakuwa wametuchukia. Hawakuwa wamesoma. Mtu fulani, katika ofisi fulani, aliandika mistari miwili akiwafikiria watu wengine kabisa, na ikapita mkono kwa mkono bila kufunguliwa.

"Nitalazimika kukupa jibu baadaye," waziri akasema.

"Nitakuwa hapa," Noreen akasema. "Huwa niko hapa."

Ndipo kamera zikageuka. Yule wa televisheni akamnong'oneza mwenzake, "Ukurasa gani amesema?" Kufikia jioni wote walikuwa wameutafuta ukurasa wa mwisho. Habari ya Noreen ilitoka kesho yake, ukurasa wa tatu, na siku iliyofuata magazeti makubwa yakawa nayo. Barua zikaanza kufika bungeni, kutoka miji ambayo sijawahi kuikanyaga: kaka aliyekuwa akilea wadogo wanne, dada wa Thunder Bay, shangazi wa miaka ishirini na mbili. Sikuwa najua kama tuko wengi. Baada ya wiki mbili na siku kidogo kamati iliondoa mistari ile. Hakukuwa na shangwe. Mwenyekiti alisoma namba ya kifungu, akauliza kama kuna pingamizi, akasema limepita, na wakaendelea na kifungu kingine. Noreen aliniambia koridoni. Nikaegemea mopu. Akanipa yai.

Lakini kinachonifanya nimwonee fahari mpaka leo si ile habari. Habari yake ilisema tunakaa ghorofa ya kumi na moja. Tulikaa ya kumi na mbili. Nilimtajia hilo kwa mzaha, tukila, nikacheka kwamba amenipunguzia ngazi. Hakucheka. Akaweka chakula chini, akaenda kwenye simu, na kesho yake gazeti likatoa sahihisho, pembeni, chini ya matangazo. Mistari miwili. Mama Wanjiru alipoiona akashangaa kwa sauti, "Kwani ghorofa moja ni nini?" Noreen akamjibu kwa upole, "Waziri alikuwa anaweza kusimama na kuniuliza kama nina uhakika wa umri wa mlezi. Ningemjibu nini, kama sikuwa na uhakika wa ghorofa?" Ile habari yenyewe niliipoteza tulipohama. Sahihisho ninalo. Limekuwa la rangi ya chai.

Kwa hiyo ndilo nililosoma kule Pickering. Mugisho, ambaye anaishi hukohuko sasa na kufundisha hesabu, alinipokea stesheni kwa gari, na Ansima alikuja moja kwa moja kutoka Mississauga, akiwa bado na viatu vya hospitali. Ukumbi ulikuwa na watu kama arobaini, wengi wao waandishi wa zamani wenye magoti mabovu. Wakaniambia jinsi mambo yalivyo pale nyumba ya pinki: gazeti la Noreen lilifungwa, mengine yakawaondoa watu wao, meza zilizobaki zinatosha chumba kimoja, na miswada imenenepa. Nilikuwa nayajua haya. Tangu nilipoacha kufanya kazi, Jumanne moja kila mwezi nachukua basi la kwenda stesheni ya Kipling, halafu treni, naenda kukaa kwenye safu zile za viti vitupu, na daftari. Sielewi kila neno. Makarani wamenizoea. Mmoja aliwahi kuniuliza natoka gazeti gani, nikamwambia sitoki gazeti lolote, nasoma tu. Siwezi kufanya kazi ya Noreen, sina wa kumpelekea ninachokiona zaidi ya watu wa kanisani kwetu, ambao sasa wanajua nini ni cha Ottawa na nini si cha Ottawa. Lakini hao waheshimiwa wakiinua vichwa, wanakuta kuna mtu.

Nilisimama mbele ya waandishi wale, nikasoma mistari miwili kuhusu ghorofa, nikakaa. Mzee mmoja kwenye safu ya mbele akatoa kicheko kimoja kikubwa, akavua miwani, akaifuta. Nadhani wao walielewa kuliko watu wowote duniani.

Jioni tukarudi kwangu, sote watatu, Rexdale bado, jengo jingine, lifti nzuri zaidi kidogo. Sombe ilikuwa tayari tangu asubuhi. Mugisho akachungulia sufuria na kusema, "Hii nilishaiona mahali," na Ansima, mwanamke wa miaka yake, muuguzi, mama wa watu, akapaliwa na maji. Huyu kitinda mimba wetu anaelewa kila tunachosema lakini miaka mingi amekuwa akitujibu kwa Kiingereza, tumezoea. Mvua ilikuwa inanyesha. Alitazama dirishani, akatazama saa, akavua viatu vyake vya hospitali na kuviweka mlangoni, kimoja kando ya kingine, kama nilivyomfundisha.

"Yaya," akasema, kwa Kiswahili, polepole, akiyatafuta maneno, "leo nitalala hapahapa."

Nikaenda kuwasha taa ya korido.